Jina la Duka Kwenye Uso wa Saa

Gitau alipoiona saa ya Papa Balthazar, mzee Mkongo, kanisani Lidcombe huko ughaibuni, alisahau hata kuitikia amina. Kwenye uso wake, chini ya jina la kiwanda, palikuwa na maandishi madogo meusi: Maison Korvelis, Bukavu. Duka lililoiuza zamani ndilo lililochapisha jina lake pale, na wakusanyaji wa saa kuukuu hukosa usingizi kwa jina kama hilo. Saa za kiwanda kile ziko tele, lakini yenye jina la duka la Bukavu Gitau hakuwahi kuiona hata pichani. Aliitaka kufa na kupona.

Basi akajitia ujinga. Alimfuata mzee nyumbani, akanywa chai yake, kisha akapendekeza wabadilishane: yeye atoe saa yake mpya inayopima mapigo ya moyo, achukue hiyo kuukuu.

"Ila papa, hilo jina la duka linaiharibu," akasema akikunja uso, asije mzee akashtuka kwamba ana lulu mkononi. "Saa gani inavaa tangazo la biashara? Lakini kwa sababu ni wewe, nitavumilia."

Papa Balthazar, mtu mwenye haya zake, aliona vibaya kweli. "Pardon, mwana wangu. Ile jina nitaitosha. Rudia Saturday, after work."

Gitau alisikia kwa masikio ya Kikenya, akadhani mzee anasema saa itatosha hivyo hivyo na jina lake, haina kasoro nyingine. "Itatosha, papa! Itatosha kabisa!" Akapanda treni ya kurudi kwake Doonside akicheka peke yake kama mwehu.

Jumamosi akakabidhiwa saa ndani ya kitambaa safi. Akaifungua. Chini ya jina la kiwanda palikuwa peupe pee.

"Papa! Jina liko wapi?"

"Si nilisema nitaitosha? Nimeitosha!" mzee akajibu kwa fahari. "Nilifungua kioo, bibi yangu akapangusa na alcohol, pole pole."

Kumbe kwa Wakongo kutosha ni kuondoa! Na Gitau angemlalamikia nani? Aliyeliita jina hilo kasoro ni yeye mwenyewe. Machozi yakamlengalenga.

"Mbona unalia, mwana wangu?"

"Furaha tu, papa."

Mama Chibalonza, mke wa mzee, akaguswa sana. "Kama uko na zingine nyumbani, leta," akasema. "Nitakusafishia zote."