Bendera Isiyonyooka

Sheikha alikuwa ameshapiga pasi nusu ya bendera alipohisi goti chini ya kitambaa. Akaipitisha pasi kando yake, akaendelea. Bendera ilikuwa ya buluu, yenye almasi nyeupe katikati; kampuni moja ya New Orleans, ya meli za mizigo, ilikuwa ikiipandisha mlingotini mwa meli zake zote. Pradip wa Queensbury, mkusanyaji wa bendera za makampuni ya meli ya Kimarekani, aliileta kwa Sheikha, fundi cherehani wa Barking, London, ishonwe upindo kabla ya kutiwa kwenye fremu.

Kufikia adhuhuri kifua kilikuwa kimeinuka, kisha miguu. Wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo.

"Wifi," Sheikha aliita, "hebu njoo utazame."

Miska alitoka jikoni, mikono imejaa unga. Mumewe Himid, kaka yake Sheikha, alianguka mkarafuuni utotoni, na mguu ule haukurefuka tena sawa na mwenzake. Alikuwa baharia wa kampuni hiyo. Mwaka 1975 kampuni iliwaarifu kwamba ametoroka bandarini. Tangu hapo, hadi mwaka huu wa 2001, Miska alikuwa mke aliyekimbiwa.

"Ndiye," alisema.

Alasiri Pradip alikuja, akainua ncha ya bendera. Chini palikuwa na meza tu. Akairudisha.

"Aa, huyu. Nilimnunua nayo. Baharia akifa safarini, walikuwa wakimfunika bendera ya kampuni kabla ya kumshusha majini. Ninazo tatu za namna hii."

"Sisi walituambia katoroka," alisema Miska.

"Wote watatu walitoroka, dada. Niliipigia kampuni simu. Wanasema lililoandikwa limeandikwa."

Miska akakaa. Unga ulikuwa unamkaukia vidoleni.

"Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa," alisema taratibu. "Yangu imekwisha zamani. Siku hizo nilikuwa nimetia hina, namlaani."

Pradip alichukua koti lake.

"Lakini hivi haingii kwenye fremu. Jumamosi naifuata, iwe imenyooka."

Alipoondoka, wanawake wawili wakaigeuza meza ielekee inavyopasa. Ilibidi sofa itolewe ukumbini. Chini ya bendera Himid akalala ubavu wa kulia, akaelekea kibla, na kitambaa chote kikajikunja upya.

Sheikha alichomeka sindano mbali na bega, akachomoa waya wa pasi. Upindo wa upande wa pili aliuacha mpaka kesho.