Programu ya Edinah

Jina la Edinah lilikuwa bado juu kabisa kwenye skrini ya seva, ile kompyuta kubwa ya idara yetu ya utafiti, na alama ya kijani mbele yake, asubuhi tuliyopata habari kwamba gari alilopanda limegongwa na lori pale Burnt Forest. Amekufa, na programu yake inaendelea na hesabu kana kwamba mwenyewe ametoka tu kununua chai.

Wengi hudhani ukifunga kivinjari umefunga kazi. Edinah alijua hesabu hubaki kwenye seva, ikila kumbukumbu tunayogawana wote, na aliiacha makusudi. Alikuwa anatafuta kwa nini watoto wachanga hutufia wiki ya kwanza. Majibu yalikuwa humo humo, hayajahifadhiwa popote. Nikizima, yamepotea.

Mimi ndiye mtunza seva. Pale idarani tulikuwa na desturi moja: humzimii mtu kazi yake kabla hujampigia simu.

"Lazarus, si uzime tu?" Kipyego, mtafiti mwenzake, aliniambia. Hesabu zake za malaria zilikwama kwa kukosa nafasi, na tarehe ya kuzikabidhi ilikuwa inamkaba koo. "Woiye, Edinah nampenda. Lakini sasa utampigia nani?"

Nilimchukia kwa kusema kweli. Nikapiga nambari ya Edinah. Akapokea mama yake, huko Soy. Polisi walikuwa wamempa ile simu.

"Pole sana, Mama. Mimi ni Lazarus, nilikuwa nafanya kazi na Edinah." Nikamweleza kwa shida habari ya ile programu.

"Kwa hivyo hiyo kazi yake bado inaendelea?"

"Ndio, Mama."

"Itaisha lini?"

"Sijui. Inaweza kuisha kesho, inaweza kukataa kabisa."

"Basi iache mpaka tumzike."

Niliiacha. Kipyego akaacha kunisalimia. Kila asubuhi nilifungua skrini nikitumaini imemaliza, nikakuta ile alama ya kijani tu, na roho ikaniuma.

Tulimzika huko kwao Soy, mvua ikinyesha. Jumatatu niliketi mezani, hesabu bado haijaisha, Kipyego amesimama nyuma yangu. Nikachukua simu kwanza, nikapiga nambari ya Edinah. Ile sauti ya mashine ikaniambia mteja hapatikani.

Nikazima. Hesabu za Kipyego zikaanza papo hapo, na jina lake likapanda juu, pale lilipokuwa la Edinah.