Mgeni wa Zulaika

Zulaika alipotuma ujumbe Bugembe kwamba mama yake aje Mbale haraka, alikuwa amechoka kuwaza. Mumewe, Swaib, alikwenda Busia kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine juu yake, basi ikawa ndiyo kwaheri. Baba mdogo Asuman naye alishatangaza kwamba Ijumaa anakuja kumchukua, akakae kwake Jinja, maana mtoto wa kike hakai mjini peke yake. Lakini Zulaika alikuwa na chumba chake karibu na viwanda, na kibanda alimowapikia wafanyakazi chakula cha mchana. Aende au abaki? Mama ataamua, alijiambia, na moyo ukatulia.

Maana mama yake, Juwairiya, kwa kuamua hakuwa na mpinzani. Mumewe, sajini, alipofariki, familia ikatakiwa kuhama kambini. Asuman huyuhuyu akaja na lori kuwachukua, mama akakataa katakata. Akapanga chumba Bugembe, akawa anashona sare za askari. Upepo ulipoezua bati, alivaa suruali ya marehemu, akapanda juu ya paa na nyundo yake. Mwanamke juu ya paa! Mtaa mzima ulitoka kutazama. Zulaika, mdogo wakati huo, alishika ngazi huku akitamani ardhi immeze.

Sasa mwanamke huyo akafika Mbale Alhamisi asubuhi, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani. Akakaa tu! Ni kweli kwa kabila lao la Wanubi mgeni hagusi chungu cha mwenyeji, lakini mama kwa mwanawe tangu lini akawa mgeni? Sufuria ilifurika, mama akaitazama.

"Mama, onja. Chumvi imetosha?"

"Chakula ni yako. Mimi nitajuaje?"

Zulaika akaona bora aulize lililo moyoni. "Mama, niende Jinja ama nibaki?"

"Mimi nimekuja kukusalimia."

Zulaika akaenda nyuma ya kibanda akalia kwa hasira. Swaib alimtupa, na sasa mama naye.

Ijumaa, baada ya swala, Asuman akaingia na kanzu iliyopigwa pasi. Hakumtazama Zulaika kabisa.

"Shemeji, ambia mtoto afunge vitu yake. Gari inangoja."

"Mimi ni mgeni hapa, shemeji," mama akasema, akivuta kanga magotini. "Uliza mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba nani?"

Asuman alitazama kitanda, akatazama masufuria, mwishowe hakuwa na pengine pa kutazama ila kwa Zulaika. Na Zulaika, aliyekuwa akingoja kuambiwa, akashangaa kukuta jibu liko tayari mdomoni mwake.

"Ni mimi, baba mdogo. Karibu, kaa ule. Mimi nabaki. Nikishindwa, nitakuja Jinja mwenyewe."

Asuman akafoka, akataja heshima, akamtaja marehemu, mpaka harufu ya mchuzi ikamlainisha. Akala akashiba, akaondoka amenuna, ila si sana.

"Ungeniambia tu nibaki," Zulaika akasema, machozi yakimtoka. "Kwa nini umenitesa hivi?"

"Ningesema baki, ungebaki kwa amri yangu. Siku umechoka ungesema, mama ndiye aliniweka huku."

Zulaika alijifuta uso, akakaa naye mkekani. "Wewe hukuogopa, siku ile ya lori?"

Mama akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Nisiogope? Nilisema hapana, nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Wewe uliona mama jasiri. Mimi nilikuwa naomba Asuman aniulize tena mara moja tu, nikubali."

Zulaika alimkodolea macho. "Na hakuuliza?"

"Alikasirika, akapanda lori yake, akaenda. Mungu ambariki."