Somo la Hiari

Mashine ya fotokopi ilikwama tena, na Profesa akaifungua ubavuni bila hata kuinuka, kwa mkono mmoja, kama mtu anayejikuna. Walimwita Profesa kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyekaa pale chuoni muda mrefu kama yeye. Huu ulikuwa mwaka wake wa saba, kwa kozi ya miaka mitatu. Wenzake aliosoma nao walishaota vitambi na kuzaa watoto. Yeye alikuwa na kibanda cha fotokopi ukutani mwa ofisi ya msajili, stuli inayoyumba, na mgongo ulioanza kumnung'unikia.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kurudisha fomu za kuchagua masomo. Dirisha la msajili lingefungwa saa kumi jioni. Tangu asubuhi alikuwa anatoa kopi za fomu ileile, mpaka akifumba macho anaiona. Zamani siku kama hii ilikuwa yake. Mwaka juzi aliwatuma wageni wanne kwa mlinzi wakaombe ufunguo wa lifti, na jengo zima halina lifti. Mwaka jana alimshawishi mmoja kwamba picha ya kitambulisho cha maktaba hupigwa umesimama kwa mguu mmoja, na yule bwana akasimama. Leo hata utani ulimchosha.

Saa tisa na nusu akaingia mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa, fomu mkononi, imejazwa kwa mwandiko wa mtoto mwenye adabu. Aliomba mjomba aipitishie macho tu. Nyumbani walimwambia asiogope, chuoni ana mjomba wake aliyemaliza. Hivyo ndivyo walivyojua. Dada mtu aliwahi kumpigia simu akamuuliza kama amemaliza, Profesa akajibu ndiyo, na kweli alikuwa amemaliza kula. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena.

Akaipitia. Masomo sita ya lazima yote yamewekewa alama ya vema. Sehemu ya chini, tupu.

"Huku mbona hujajaza?"

"Hilo ni la hiari, mjomba. Nimeona mwaka wa kwanza nisijitwishe."

Profesa akaisoma ile sehemu upya, ingawa aliijua kuliko jina lake. Miaka saba, na hakuna aliyejisumbua kubadilisha hata nukta. Hiari yenyewe ilikuwa ya kuchagua lipi kati ya manane. Ya kusoma au kutosoma, hiyo haikuwepo. Ukilikosa moja, cheti hakitoki, hata hayo mengine upate maksi za kutisha.

Akamweleza. Binti akacheka, akampiga begani. Anaishi na wenzake watatu chumba kimoja, na wote walishamwonya: Profesa akikwambia kulia, wewe nenda kushoto.

Akamwambia basi aende akamuulize karani dirishani. Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Si ndivyo walivyotumwa wale wa lifti? Mjomba, mimi sitaki kuchekwa na foleni nzima."

Alishaanza kuikunja fomu. Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi na nane kabla ya saa kumi. Profesa akatafuta maneno ya kweli kichwani, akaona kila neno alishalitumia kwenye mzaha. Basi akainama, akainua mzigo wa karatasi, na chini yake akatoa bahasha iliyolegea pembe. Ndani mlikuwa na matokeo yake. Hakuwahi kumwonyesha mtu.

Binti akasoma. Masomo yote amefaulu, mengine vizuri sana. Chini kabisa, mwandiko wa karani: hajakamilisha, somo la hiari halipo.

"Lakini mjomba, si ungelisoma baadaye?"

"Nimejiandikisha mara mbili. Ya kwanza kazi ikanibana. Ya pili niliingia darasani, watoto wakanipa shikamoo wakidhani mimi ndiye mwalimu. Nikatoka."

Binti hakucheka. Akafungua fomu, akamuuliza achague lipi. Profesa akamwambia asichague la saa moja asubuhi, maana kuamka hajui. Asichague la yule mwalimu anayependwa, viti havitoshi na utasomea dirishani. Na asichague kwa kufuata shoga yake, shoga atahama kozi. Kalamu ikashuka kwenye la tano, akaondoka mbio.

Profesa akabaki ameshika bahasha. Ukuta ni mwembamba, akasikia karani akilalamika kwamba watu hupenda dakika za mwisho, kisha muhuri ukagonga.

Binti akarudi akihema, akasimama mlangoni.

"Jumapili mama atanipigia, ataniuliza habari zako."

Angeweza kumwomba anyamaze, na angenyamaza, mtoto wa watu. Profesa alifikiria uongo mpya wa kuushika miaka mingine saba, akahisi mabega yanaelemewa.

"Mwambie kama ulivyoona."

"Atalia."

"Alie. Akimaliza anipigie."

Binti akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mteja mwingine akaweka karatasi mezani, akitaka kopi tatu. Profesa akamwambia asubiri kidogo, akakaa, akaegemeza kichwa kwenye mashine iliyokuwa bado na joto. Hakujua kama alichokisikia mwilini ni nafuu au ni usingizi tu.