Njiwa wa Shemeji

Jef Verdonck alikuwa na Jumapili moja tu. Akishinda fainali ya ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli, mkewe Stien atamwachia baiskeli msimu mmoja zaidi. Akishindwa, Jumatatu anavaa aproni na kukanda mikate kwa Fons, kaka yake Stien. Miaka thelathini na miwili si haba kwa mtu anayelishwa na miguu.

Fons ndiye aliyemshikia baiskeli mstarini, pale uwanjani Antwerp.

"Shemeji, aproni nimeshakufulia," alinong'ona.

"Ivae wewe kichwani."

Fons hata hakumtazama. Macho yalikuwa juu. Asubuhi hiyo njiwa wa mtaa mzima, wake na wa Jef wakiwamo, walikuwa wamefunguliwa huko Orleans, Ufaransa, washindane kurudi nyumbani.

Bastola ikalia, na hakuna aliyekimbia. Mbio za wawili ndivyo zilivyo: anayetangulia humkatia mwenzake upepo, na mwenzake humshukuru kwa kumpita mwishoni. Jef na Holger, Mdenmarki mmoja mwenye masharubu mapana kuliko usukani wake, walijikokota hadi kwenye kona, wakasimama tuli juu ya baiskeli, miguu kwenye pedali. Dakika tano. Kumi.

"Tuwaletee viti?" mtu alipaza sauti jukwaani.

"Na kahawa!"

Jef hakutikisika. Kusimama alikuwa amejifunza juu ya paa, akingoja njiwa. Aliliona paja la Holger likianza kutetemeka. Dakika moja zaidi na Mdenmarki angelazimika kutangulia, na ubingwa ungebaki Antwerp.

Ndipo kelele zikakatika. Watu elfu nane waliinua nyuso kwa pamoja, kama waliosikia kengele ya misa. Njiwa mmoja, wa kwanza, alikuwa akipita juu ya uwanja kutoka kusini.

Jef naye akatazama. Shingo iliamua yenyewe.

Holger, ambaye alimjua njiwa kwenye sahani tu, hakutazama. Jef aliposhusha macho, mwenzake alikuwa mita thelathini mbele. Akamfukuza, pengo likayeyuka, wakauvuka mstari pamoja. Pamoja, isipokuwa nusu gurudumu la Holger lililotangulia.

Stien alimpokea na taulo.

"Fons yuko wapi?" Jef aliuliza.

"Kakimbilia nyumbani kumvua njiwa pete, aitie kwenye saa ya mashindano, muda wa kufika uandikwe. Ni wake."

"Najua. Wetu ana bawa linalolegea."

"Kumbe ulijua si wetu?"

"Pale pale."

"Sasa, baba Marieke, ukaendelea kumtazama wa nini?"

Jef alijifuta uso, kisha masikio, ambayo hayakuwa na jasho.

"Anaruka vizuri," alisema.

"Kesho utamwambia mwenye njiwa," Stien alijibu, akiichukua baiskeli, "mkikanda."