Mfungo wa Mama Banu

Enzi za Wabelgiji, Mama Banu, mke wa Mhindi mwenye duka karibu na stesheni ya Kindu, aliweka nadhiri ya kufunga kila Jumatatu kwa majuma kadhaa, akimwomba Mungu wake mtoto. Jua likitua, humwita jirani yake Aziza, humtilia punje za mchele mkononi, kisha humsimulia hadithi ya malkia aliyeucheka mfungo wa mwanamke maskini, akapokonywa kila kitu na kufukuzwa. Kila akinyamaza kidogo, Aziza huitika, "Ehe." Asipokuwepo wa kuitika, hadithi haihesabiki, na kabla ya hadithi hawezi kula; bila hiyo, alieleza Mama Banu, kufunga ni njaa tu. Wanawake wengine wa Kihindu hawakuwapo mjini. Alikuwa na Aziza, basi.

Aziza naye aliipenda hadithi ile kupita kiasi. Aliijua yote, na bado malkia alipofukuzwa machozi yalimlengalenga.

Kisha wifi yake Jamila, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akamwona.

"Weye Muislamu gani, unashika muchele ya masanamu? Kaka yangu anajua?"

Aziza akaona aibu. Jumatatu iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho ya nadhiri, na wiki hiyohiyo Mama Banu na mumewe wangehamia Albertville. Jioni ya Jumatatu hiyo sauti ya Mama Banu ikavuka ua: "Aziza, dada, kuya! Jua imezama."

"Niko na kazi leo," akajibu. Kazi yenyewe ilikuwa kukoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyokwisha kuiva. Alijiambia kwamba mtu mzima hawezi kulala njaa kwa sababu ya hadithi. Uongo mtupu, na alijua. Akaitwa tena, kisha hakuitwa.

Siku ya safari moyo ulimshinda, akakimbilia stesheni. Mama Banu alikuwa amekwisha kukaa dirishani mwa garimoshi.

"Anza hadithi sasa hivi, dada! Mimi nitaitika. Nitapanda na weye mpaka stesheni ya Kibombo!"

Mama Banu alimshika mkono bila hasira, jambo lililomuumiza Aziza kuliko tusi.

"Nilikungojea mpaka jana jioni. Kichwa ikazunguka, bwana akanitia wali mu kinywa. Nikakula."

"Na mutoto?"

Mama Banu alitikisa kichwa, akauachia mkono.

Garimoshi likaondoka. Aziza alilia kwa sauti palepale, mbele ya umati wote, Jamila akiwemo, asijali tena nani angesema nini. Ujasiri huo ulitakiwa Jumatatu.