Nani Yuko Nyuma ya Kinyago

Siku hizi kila mtu ana televisheni yake na hana wa kubishana naye. Enzi zile, mwaka tisini na tano, mtaa mmoja mzima pale Manzese ulikuwa na moja tu, ya Bi Chausiku, na kila Alhamisi saa moja jioni ua wake ulifurika watu mpaka mlangoni mwa jiko.

Walimfuata Mficha Uso. Ilikuwa tamthilia ya Kizungu, ya watu wanaoishi kwenye vyombo vya angani, na ndani yake alikuwamo nahodha huyo mwenye kinyago cha chuma. Hakukivua hata wakati wa kula. Ni nani huyu? Watu walinuniana wiki nzima kwa swali hilo. Mudathir, fundi redio, aliapa kuwa ni pacha wa kamanda wa chombo. Adelina, muuza mihogo, akasema ni mwanamke: "Nyie hamuoni anavyokaa?"

Fredrick alikaa mbele kabisa, kwenye kigoda, kwa kuwa mjua Kiingereza ndiye aliyetafsiri kwa sauti. Alikuwa karani kutoka Bukoba, mpangaji wa chumba cha nyuma. Lakini tusidanganyane: Kiingereza chake kilikuwa cha barua za ofisini. Wazungu wakiongea haraka, alijazia. Na jioni moja, kwa kunogesha tu, akajazia kwamba Mficha Uso ni mtoto wa bibi mmoja mwenye mvi mle mle kwenye tamthilia, mtoto aliyepotea zamani, na kwamba anaona haya kurudi kwao mikono mitupu.

Bi Chausiku aliweka birika chini. "Ndivyo alivyosema, mwanangu?"

"Ndivyo, mama," akajibu Fredrick, bila hata kufikiri.

Farhan, mwana wa pekee wa Bi Chausiku, alikuwa amezamia meli mwaka themanini na tisa. Miaka miwili baadaye baharia mmoja alileta ile televisheni pamoja na salamu za Farhan, na baada ya hapo kimya. Sasa mama akapaka chokaa chumba cha mwanawe, akaanza kuimba jikoni. Kila aliyepita aliambiwa: "Si mmesikia? Ni haya tu zinazomchelewesha." Fredrick akisikia hayo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kisha ikatangazwa kuwa Alhamisi inayofuata kinyago kitavuliwa. Mtaa ukachemka. Fredrick hakulala, maana binamu yake aliyekuwa akisoma Ulaya, ambako tamthilia ilikwisha kuonyeshwa yote, alishamwandikia jibu: nyuma ya kile kinyago hamna mtu. Ni mashine tupu.

Alhamisi asubuhi akamfuata Bi Chausiku jikoni, akamkuta juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, yale ya mtoto wa yule bibi niliyatunga mie. Hayamo kabisa. Nisamehe."

Mkono wa Bi Chausiku ulisimama, kisha ukaendelea kukuna. "Leo anavua?"

"Anavua."

"Na wewe unajua ni nani?"

"Najua."

"Usiniambie."

Jioni hiyo watu walikaa mpaka juu ya ukuta. Mficha Uso akasimama mbele ya wenzake, akainua mikono yote miwili, akashika kinyago. Hapo Bi Chausiku akanyanyuka kwenye mkeka, akaenda mbele, akaizima televisheni.

Mwaka mzima wa ubishi, na jibu limezimwa. Mudathir alifungua mdomo, halafu akauona mkono wa yule mama, bado umeshika televisheni. Akakohoa.

"Mie bado nasema ni pacha," akasema.

"Pacha wa wapi wewe!" Adelina akadakia. "Mwanamke yule!"

Wote wakamgeukia Fredrick.

"Hamjui kitu nyie," akasema. "Yule ni mtoto wa yule bibi, na atarudi."

Wakamvamia kwa maneno kutoka kila pembe ya ua. Fredrick, mtu pekee pale aliyeujua ukweli, akabisha mpaka sauti ikamkauka, na Bi Chausiku akawa anammiminia chai, anamwambia: "Watu hawa wasikushinde, mwanangu. Waambie."